Maada ya giza: kwenye nyongeza zote za Modeli Sanifu, mgombea gani ana hoja nzito?

Mwl_wa_Kongwa aliuliza:

Mbukwenyi wakuu, habari za jioni.

Nafundisha fizikia advance huku Kongwa, juzi tumemaliza mada ya chembe za msingi na kuna binti wa kidato cha sita kanibana na swali ambalo nimeona nililete huku kwa wanaoishi na haya mambo. Nilishawaeleza ile Modeli Sanifu, kwamba kuna kwaki 6, leptoni 6, vibeba nguvu vinne (fotoni, gluoni, W na Z) alafu bosoni ya Higgs iliyopatikana CERN mwaka 2012, jumla 17, na kwamba hizo zimepimwa na kupimwa tena na hesabu zinakubali. Kipindi hicho hicho nikawaambia maada hii tunayoijua, yaani mawe, nyota, miili yetu, ni kama asilimia 5 tu ya vyote vilivyopo ulimwenguni, asilimia kama 27 ni maada ya giza, zilizobaki nishati ya giza. Binti akanyoosha mkono, sasa mwalimu kwenye hizo 17 ya giza ni ipi?

Nikamwambia hakuna hata moja. Akasema lakini nyutrino haina chaji, haitoi mwanga, inapita ardhini bila kuguswa na wewe mwenyewe umesema zipo nyingi mno, kwa nini isiwe yenyewe? Darasa zima likageuka kuniangalia na nilichokuwa nacho ni sentensi moja ya "ni nyepesi sana", ambayo ni kweli ila haimtoshi mtu anayefikiri vile.

Sasa naomba mnisaidie mambo ambayo kwangu yamefungamana. Nyutrino inaondolewaje kwa hesabu, sio kwa kauli tu. Alafu ukisoma unakutana na nyutralino, aksioni, nyutrino tasa, fotoni ya giza, chembe za Kaluza-Klein, yaani orodha haiishi na mtu unabaki unajiuliza hivi watu wanaongeza chembe tu kila wakikwama? Kuna kigezo gani cha kusema huyu mgombea ana hoja na huyu hana? Na mwisho, hizo WIMP (jina la jumla la chembe nzito zinazogusana na maada kwa udhaifu sana) zimetafutwa miaka mingi hazijaonekana, niwaambie wanafunzi zimeshakufa au bado? Hesabu zikiwepo wekeni tu, hawa watoto wanaziweza.

Ngongona_Fizikia alijibu:

Mwalimu heshima yako. Huyo binti mpe hongera zake kabisa, kwa sababu nyutrino ndo ilikuwa kati ya wagombea wa kwanza kabisa kuchukuliwa kwa uzito, miaka ya 70 mpaka mwanzoni mwa 80 watu wakubwa walikuwa wanawaza hivyo hivyo anavyowaza yeye.

Kinachoiangusha ni mambo matatu na yote anaweza kuyafuata. La kwanza uzito. Nyutrino zilizobaki tangu ulimwengu ulipokuwa moto ni kama 336 kwa kila sentimita ya ujazo, ukijumlisha aina zote tatu, hiyo ni namba kubwa kweli, ila setelaiti ya Planck ikiunganishwa na vipimo vya mpangilio wa galaksi inasema uzito wa aina zote tatu kwa pamoja hauzidi kama 0.12 eV (eV, elektronivolti, ni kipimo cha nishati ambacho wanafizikia wanakitumia pia kwa uzito wa chembe). Zidisha uone, inakuja kama asilimia moja ya maada ya giza inayohitajika. La pili, hata ungezipa uzito zaidi, zilizaliwa zikiwa na kasi karibu na ya mwanga, na kitu chenye kasi hiyo hakikai sehemu moja kikajikusanya, kinafuta vibonge vidogo vya maada kabla havijawa galaksi. Tungekuwa na ulimwengu ambao makundi makubwa yametangulia alafu galaksi zinakuja baadaye kwa kumeguka, na tunachokiona angani ni kinyume chake, vidogo vimetangulia. La tatu ndo nalipenda zaidi kwa darasa, nyutrino ni fermioni kwahiyo inatii kanuni ya Pauli, kwamba mbili haziwezi kukaa kwenye hali moja, ile ile wanayoitumia kwenye kemia kupanga elektroni. Huwezi kuzirundika nyutrino nyepesi nyingi unavyotaka kwenye galaksi ndogo. Tremaine na Gunn walipiga hiyo hesabu mwaka 1979 na inatoka kwamba fermioni yoyote inayotaka kuwa maada ya giza ya galaksi ndogo lazima iwe na mamia ya eV huko, nyutrino zetu haziko hata karibu.

Nakuja kwenye kigezo, na hapa ndo kwenye moyo wa swali lako. Masharti ya chini kabisa ni haya, chembe isiwe na chaji, isioze ndani ya miaka bilioni 13.8, iwe imetulia kasi wakati galaksi zinaanza kuumbika, iwepo kwa kiasi kile kile kilichopimwa, na isivuruge ule uundaji wa heliamu na dyuteri dakika chache baada ya mwanzo. Haya masharti mtu yeyote mwenye kalamu anaweza kutunga chembe ikayatimiza, na ndo maana orodha haiishi. Mi binafsi nauliza swali moja la ziada, hii chembe ilizaliwa kwa ajili ya nini? Maana Modeli Sanifu ina matundu mengine ambayo hayahusiani kabisa na galaksi, na kuna chembe ambazo watu walizipendekeza kuziba hayo matundu, wakaja kugundua baadaye kwamba kumbe hiyo hiyo inaweza kuwa maada ya giza bila kuilazimisha. Hao ndo wagombea ninaowaheshimu. Na kwa kipimo hicho wanabaki watatu.

Wa kwanza nyutralino ya supasimetri. Tatizo lilikuwa Higgs, kwa nini uzito wake ni kama GeV 125 tu (GeV ni eV bilioni moja) wakati masahihisho ya kikwantamu yanausukuma uende juu mno kwenye viwango vya ajabu. Supasimetri inampa kila mmoja mwenzake, fermioni anapata bosoni na bosoni anapata fermioni, na michango yao inafutana. Sasa ukiiacha hivyo hivyo protoni zinaoza haraka na sisi tusingekuwepo, kwahiyo wakaweka sharti linaitwa R-pariti kuzuia hilo. Na ukishaliweka, chembe nyepesi kuliko zote za supasimetri inakosa pa kuozea, inabaki milele. Mara nyingi hiyo nyepesi ni nyutralino, mchanganyiko wa wenza wa fotoni, Z na Higgs, haina chaji na ni nzito. Yaani sharti limewekwa kuokoa protoni, na ghafla una maada ya giza mkononi.

Na kiasi chake je? Hapa ndo pale WIMP zilipopata umaarufu. Ulimwengu ukiwa moto hizi chembe zinazaliwa na kuangamizana kwa jozi, ukipoa uzaliwaji unakoma, ukitanuka zinashindwa kukutana na zilizobaki zinabaki. Kadiri zinavyoangamizana kwa nguvu ndivyo zinavyobaki chache. Ukiweka nguvu ya kiwango cha nguvu hafifu ya nyuklia na uzito wa kuanzia GeV kumi mpaka TeV chache (TeV ni GeV elfu moja), masalia yanakuja karibu kabisa na yale yaliyopimwa. Hakuna aliyepanga iwe hivyo.

Wa pili ni aksioni. Milinganyo ya nguvu kali, ile inayoshika kwaki ndani ya protoni, inaruhusu kipande ambacho kingefanya nyutroni iwe na upande chanya na upande hasi, yaani momenti ya dipoli ya umeme. Watu wamepima na kupima, nyutroni haionyeshi chochote, na maana yake ni kwamba ile pembe kwenye mlinganyo ambayo ingeweza kuwa namba yoyote iko chini ya moja ya bilioni kumi. Kwa nini? Modeli Sanifu haina jibu. Mwaka 1977 Peccei na Quinn wakapendekeza simetri mpya ambayo inaivuta hiyo pembe yenyewe mpaka sifuri, na mwaka 1978 Weinberg na Wilczek kila mtu kivyake wakaonyesha kwamba simetri hiyo lazima ilete chembe mpya. Hapo hakuna aliyekuwa anawaza maada ya giza. Ilipofika 1983 ndo makundi matatu yakatoa hesabu kwamba aksioni zingeweza kuijaza ulimwengu. Na mwambie binti kwamba aksioni ni nyepesi kuliko nyutrino kwa mbali sana lakini haina lile kosa la kasi, kwa sababu haikuzaliwa na joto, ilianza kama uga unaotikisika wote kwa pamoja ukiwa umetulia, alafu pia ni bosoni, Pauli haimhusu.

Wa tatu nyutrino tasa. Nyutrino zote tunazoziona zinazungukia mkono wa kushoto, na kwenye Modeli Sanifu ya asili hazina uzito. Super-Kamiokande kule Japani walionyesha mwaka 1998 kwamba zinabadilika aina njiani, ambayo haiwezekani kama hazina uzito, Nobeli yake ikatoka 2015. Njia rahisi ya kuzipa uzito ni kuongeza wenzao wa mkono wa kulia, ambao hawaguswi na nguvu yoyote zaidi ya mvutano na ule mchanganyiko mdogo na ndugu zao. Mmoja wao akiwa na uzito wa keV kadhaa (keV ni eV elfu moja) anaweza kuwa maada ya giza, na kuna modeli ya mwaka 2005 ya Asaka, Blanchet na Shaposhnikov inayoongeza watatu tu hao na kudai inaeleza uzito wa nyutrino, maada ya giza na kwa nini maada ilizidi antimaada, vyote kwa pamoja. Kwahiyo binti hakuwa mbali hata kidogo.

Kisasa_Mtaani alijibu:

Mimi si mtu wa fizikia nimesoma uhandisi ila swali langu ni la msingi, mbona mnaanza na chembe? Hakuna aliyeiona hiyo maada, kinachoonekana ni nyota za pembeni ya galaksi kwenda kasi kuliko inavyotakiwa. Mhandisi akikuta mzigo haulingani na fomula anakagua na fomula. Si inawezekana sheria ya mvutano ndo inabadilika kwenye umbali mkubwa?

Binti_Manyoni alijibu:

Kaka Kisasa hilo limefanyiwa kazi sana, Milgrom alilipendekeza mwaka 1983 na kwa mzunguko wa galaksi moja moja fomula yake inafanya vizuri kwa kweli, hakuna haja ya kumbeza mtu. Inapokwama ni kwenye vitu vikubwa zaidi. Kuna makundi mawili ya galaksi yaligongana, linaitwa Bullet Cluster. Kwenye kundi la galaksi maada ya kawaida iliyo nyingi sio nyota, ni gesi ya moto, na gesi ikigongana inakwama katikati, inaonekana kabisa kwenye eksirei. Lakini mwaka 2006 walipopima uzito ulipo kwa kuangalia jinsi mwanga wa galaksi za nyuma unavyopinda, uzito haukuwa kwenye gesi, ulikuwa umeshapita mbele pamoja na galaksi pande zote mbili. Ukisema mvutano ndo umebadilika bado ingebidi uzito uonekane kule kwenye gesi maana ndo kuna maada nyingi. Alafu kuna ule mwanga wa kale wa mikrowevu, mawimbi yake yana vilele, na urefu wa kile cha tatu unataka kitu ambacho kinavuta lakini hakisukumwi na mwanga. Sheria ya mvutano peke yake haikupi hicho.

Pia historia haikuanza na pembeni ya galaksi. Fritz Zwicky aliliona mwaka 1933 kwenye kundi la Coma, Vera Rubin na Kent Ford wakaja na Andromeda 1970. Ni ushahidi wa aina tofauti tofauti unaotoa jibu moja.

Kisasa_Mtaani alijibu:

Nimekupata dada, hiyo ya gesi kubaki nyuma sikuwa naijua. Basi endeleeni na hizo WIMP, mwalimu aliuliza kama zimekufa na bado sijaona jibu.

Sekenke_Kwetu alijibu:

Nadandia hapo hapo. Nimesoma kwamba ditekta kubwa kuliko zote iko kwenye mgodi wa dhahabu Marekani. Sisi huku Singida dhahabu ndo nyumbani, na Tanzania tuna migodi ya chini ya ardhi kama Bulyanhulu. Kwa nini mgodini, na hivi kwetu haiwezekani?

Ngongona_Fizikia alijibu:

Naunganisha yote mawili maana yanakwenda pamoja.

Mgodini ni kwa sababu ya miale ya kosmiki. Hapo ulipokaa muda huu myuoni, chembe zinazozaliwa na miale hiyo, zinakunyeshea kutoka juu ya anga, na ditekta inayotafuta tukio moja kwa mwaka haiwezi kusikia chochote kwenye kelele hiyo. Mwamba unazuia. Hiyo unayoisema inaitwa LZ, iko South Dakota kwenye uliokuwa mgodi wa Homestake, karibu kilomita moja na nusu chini, ambako kabla ya hapo Ray Davis aliweka tangi lake la kutafuta nyutrino za jua na akaja kupata Nobeli mwaka 2002. Wenzao XENONnT wako chini ya mlima Gran Sasso Italia, na PandaX wako Jinping China chini ya kilomita 2.4 za mwamba. LZ ina tani 10 za zenoni ya kimiminika. WIMP ikigonga kiini cha zenoni inakisukuma kidogo, kinatoa mmweko wa mwanga na elektroni kadhaa, elektroni zinavutwa juu zikatoe mmweko wa pili, na tofauti ya muda kati ya mimweko inakwambia tukio lilitokea kina gani. Ya pembeni yote unayatupa maana huenda ni mionzi ya kuta, unabaki na ya katikati. Kuhusu kwetu, kina cha mwamba tu hakitoshi, unahitaji mwamba wenye urani kidogo, uingizaji hewa wa kuondoa radoni, umeme usiokatika kabisa na mgodi ambao shughuli zake haziingiliani. Sioni sheria ya fizikia inayokataa isiwe hapa. Natamani siku moja mtu wa Singida au Kahama aandike andiko hilo na mimi niwe kati ya watakaosaini.

Sasa je zimekufa? Mwaka 2024 LZ walitoa matokeo ya siku 280 za data, hakuna WIMP. Kikomo kimeshuka mpaka eneo la mgongano la kama 2 × 10⁻⁴⁸ sm² kwa chembe ya GeV 40 hivi. Kitu cha kuelewa ni kwamba WIMP sio moja. Ile inayogongana na kiini kwa kubadilishana bosoni ya Z moja kwa moja iliondolewa zamani, tangu ditekta za jermani za miaka ya 80 zilianza kuitoa. Zinazoliwa sasa hivi ni zile zinazogusana kupitia Higgs. Kwa mfano ile nyongeza rahisi kuliko zote, chembe moja tu ya skala inayoongea na Higgs peke yake, imebakiwa na kakona kadogo karibu na nusu ya uzito wa Higgs, kama GeV 62, na eneo jingine juu kabisa kwenye TeV kadhaa. LHC, ile mashine ya CERN ya kugonganisha chembe, nayo imesukuma wenza wa gluoni zaidi ya TeV 2 kwenye modeli nyingi rahisi, kwahiyo zile nyutralino nyepesi zilizoahidiwa nikiwa shule hazina pa kujificha.

Lakini kuna moja hawajaigusa, higsino, yaani nyutralino ambayo ni mwenza wa Higgs mtupu. Ili masalia yake yatoshe hesabu inataka iwe na uzito wa kama TeV 1.1. LHC haifiki huko, na ndani ya zenoni inagongana kwa udhaifu mno. Ni mgombea halali kabisa, hajatungwa kukwepa matokeo, yuko kwenye karatasi tangu zamani. Kwahiyo mwalimu usiwaambie zimekufa. Waambie sehemu kubwa ya ramani imeshatembelewa na haina kitu, na sehemu iliyobaki tunaijua iko wapi.

Na kuna hili. Mwaka 2024 XENONnT na PandaX walitangaza dalili za kwanza za nyutrino za jua zinazotoka kwenye boroni-8 zikigonga zenoni. Maana yake vifaa vimekuwa na usikivu mkali kiasi kwamba nyutrino yenyewe ndo inaanza kuwa kelele ya kutafuta WIMP.

Binti_Manyoni alijibu:

Naongezea njia nyingine maana watu huwa wanaona ni migodi tu. WIMP zikiwa nyingi sehemu moja zinapaswa kuangamizana mpaka leo na kutoa miale ya gama, na sehemu yenye nyingi zaidi karibu na sisi ni kitovu cha galaksi. Darubini za H.E.S.S. ziko Namibia, zinafanya kazi tangu 2002, na zimewekwa kusini kwa sababu kitovu kinapita karibu na utosi kule. Kwa WIMP za uzito wa TeV vikomo vyao ni kati ya vikali kabisa duniani na vimetoka kwenye ardhi ya Afrika. Yule higsino wa TeV 1.1 anayemsema kaka hapo juu atawindwa na kizazi kinachofuata cha darubini za aina hiyo zinazojengwa Chile.

Mwalimu, Kongwa kwenye kiangazi mwezi wa 7 saa 5 usiku watoe watoto nje, waangalie kusini juu, kitovu kinakuwa kimebakiza kama nyuzi 23 kufika utosini. Pale kwenye ule ukungu mweupe ulio mnene zaidi. Watu wa Ulaya wanakiona chini kabisa kwenye upeo au hawakioni, sisi tumepewa juu ya kichwa.

Itigi_Reli alijibu:

Vipi wale wa Italia waliosema wameiona? Nakumbuka ilikuwa habari.

Ngongona_Fizikia alijibu:

DAMA. Walitumia fuwele za sodiamu ayodidi na waliona matukio yanapanda mwezi wa 6 na kushuka mwezi wa 12, kila mwaka, kama ambavyo ingetarajiwa dunia ikienda na upepo wa maada ya giza alafu ikarudi kinyume. Mdundo upo kwenye data yao hakuna anayebisha. Ila ANAIS Hispania na COSINE-100 Korea wametumia fuwele za aina hiyo hiyo na hawauoni. Ule mstari wa eksirei wa keV 3.5 wa mwaka 2014 nao uliwapa watu matumaini ya nyutrino tasa ya keV 7, maana ikioza fotoni inabeba nusu ya uzito, lakini setelaiti ya Hitomi ilipoangalia kundi la Perseus mwaka 2016 haikuuona kwa nguvu iliyotarajiwa. XRISM iliyorushwa 2023 ina macho makali ya aina hiyo, hapo ndo pa kutazama.

Mwl_wa_Kongwa alijibu:

Wakuu mmenipa zaidi ya nilichoomba, nimechapa yote nitayabandika maabara. Hiki kigezo cha "ilizaliwa kwa ajili ya nini" kimenifungua, kwa sababu sasa naweza kuwaeleza watoto kwamba sio kila jina kwenye orodha lina uzito sawa.

Nimebaki na jambo moja. Nataka wafanye hesabu wenyewe. Mnasema aksioni ni nyepesi kuliko nyutrino, mtu anatafutaje kitu kama hicho, na kuna hesabu gani ya kidato cha sita inayoingia hapo? Na wewe Ngongona ungeambiwa uchague mmoja ungechagua yupi?

Ngongona_Fizikia alijibu:

Hesabu zipo na ni nzuri. Anza na hii, wanajimu wanakadiria hapa tulipo kwenye galaksi maada ya giza ni kama GeV 0.3 kwa kila sentimita ya ujazo. Wape hiyo namba tu. Kama ni WIMP ya GeV 100, inatoka tatu kwa kila lita. Wazidishe na kasi ya jua kuzunguka galaksi, kama kilomita 220 kwa sekunde, watapata zinazopita kwenye kila sentimita ya mraba ya kiganja chao ni kama elfu 66 kila sekunde. Alafu wabadilishe GeV kuwa gramu, wazidishe na ujazo wa dunia nzima, itakuja kama nusu kilo na kidogo. Maada yote ya giza iliyomo ndani ya dunia kwa wakati mmoja ni nusu kilo, wakati kwenye galaksi nzima inazidi nyota zote kwa mbali. Hapo wataelewa utupu ulivyo mkubwa kuliko vitu.

Kwa aksioni tuchukue uzito wa sehemu 3 za milioni za eV moja, yaani 3 × 10⁻⁶ eV. Kwa msongamano ule ule zinakuwa kama 10¹⁴ kwa sentimita moja ya ujazo. Zikiwa nyingi hivyo huzitafuti moja moja, unazitafuta kama wimbi. Sikivie alionyesha mwaka 1983 kwamba ndani ya usumaku mkali aksioni inaweza kugeuka kuwa fotoni, na nishati ya hiyo fotoni ni uzito wake tu. Wachukue E = hf, waweke 3 × 10⁻⁶ × 1.6 × 10⁻¹⁹ juu, wagawanye kwa 6.63 × 10⁻³⁴, watapata kama MHz 724. Hayo ni masafa ya kwenye jirani ya 4G za simu zao. Kwahiyo ADMX pale chuo kikuu cha Washington, Seattle, wana kopo la metali ndani ya sumaku ya karibu tesla 8, limepozwa mpaka karibu na sifuri kamili ili joto lisipige kelele, limefungwa mawimbi ya nje yasiingie, na wanasogeza vijiti ndani yake taratibu kubadilisha masafa, kama mtu anayezungusha redio kutafuta stesheni ambayo hajui iko wapi, tofauti ni kwamba stesheni yenyewe ina nguvu ya kama wati 10⁻²³. Mwaka 2018 walitangaza kwamba kwenye masafa waliyopita walikuwa na usikivu wa kutosha kuzisikia hata zile aksioni za modeli hafifu zaidi, DFSZ. Hawakuzisikia, ila kipande walichopita ni chembamba na kanda yenyewe ni ndefu, huko kwenye masafa makubwa sehemu kubwa bado haijafikiwa kwa usikivu huo.

Kuchagua, nachagua aksioni. Sio kwa sababu WIMP hazijaonekana. Nachagua kwa sababu lile tatizo la nyutroni lipo hata kama maada ya giza isingekuwepo kabisa, pembe iliyo chini ya moja ya bilioni kumi inadai maelezo, na sijaona maelezo mengine yanayonitosheleza kama yale ya Peccei na Quinn. Tatizo la uzito wa Higgs mtu anaweza kusema ni suala la ladha tu ya wananadharia, hili la nyutroni ni namba iliyopimwa maabara.

Binti_Manyoni alijibu:

Mi nachagua nyutrino tasa na sababu ni ile ile ya kwako kaka, kwamba kuwa nyutrino zina uzito ni jambo lililoonyeshwa na vipimo. Tena ndo tundu pekee la Modeli Sanifu ambalo tuna majaribio yanayolionyesha wazi, nyutroni inaonyesha sifuri tu, nyutrino zinaonyesha kitu. Mwalimu naomba darasa lako likishapiga hizo hesabu utuletee majibu yao hapa, hasa ya huyo binti, nataka kuona anasimama upande gani.

Mwl_wa_Kongwa alijibu:

Kipindi chao ni Alhamisi saa 4. Nitawapa GeV 0.3 na fomula, namba nyingine wazitafute wenyewe.